Dada, sindano ya mama isipite tarehe (jibu refu, mnisamehe)

Dada, sijasoma hata majibu ya wenzangu hapo juu. Hiyo sindano ya mifupa ya mama msiisogeze mbele. Hata mwezi mmoja wa "tuangalie kwanza", msithubutu.

Swali lako nimelisoma nikiwa foleni pale Kilombero, Arusha, ikabidi niegeshe gari. Unasema mama ana miaka 68, yuko Marangu, ameshachomwa denosumabu, ile sindano ya mifupa iliyodhoofika, mara nne, kila baada ya miezi sita. Kipimo cha pili kimeonyesha mifupa imepata nafuu. Sasa mnataka "kuipumzisha mifupa", kwa sababu mtu kawaambia sindano inaozesha taya, na kwa sababu bi mkubwa mwenyewe anajisikia mzima. Jamani! Hayo maneno ndiyo tuliyoyasema sisi kwenye kikao cha familia mwaka 2022, na aliyekuwa anayasema kwa sauti kuliko wote ni mimi.

Mama yangu ni wa Kibosho. Mwaka 2019, zile mvua za mwezi wa nne, aliteleza akitoka kukata majani ya ng'ombe, akavunjika kifundo cha mkono. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala nini, kasimama tu kakaa chini. Tukampeleka Nairobi kupima uzito wa mifupa, nyonga ikasoma -3.1 (hasi maana yake mfupa ni mwepesi kuliko wa kijana mzima). Ukifika -2.5 kwenda chini ndipo wanaandika osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi. Akaanza na vidonge vya alendroneti, mg 70, kimoja kwa wiki. Vile vina masharti kama mganga: asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, halafu usilale na usile chochote kwa nusu saa. Mama yeye alikuwa anamezea chai ya maziwa, anarudi kitandani kumalizia usingizi. Mwezi wa pili wa vidonge koo linawaka moto, kidonge kimelaumiwa, chai imesamehewa. Ndiyo tukahamia sindano.

Sindano ilienda vizuri sana, niseme ukweli. Mimi ni dereva wa watalii, kwa hiyo rafiki alinipokelea Nairobi, mimi naichukua Namanga, inasafiri kwenye friji ya Land Cruiser katikati ya soda, nyuzi 2 hadi 8. Siku moja mgeni wangu nusura aifungue akidhani ni chokoleti. Tano mama alichomwa hivyo, ya mwisho Machi 2022. Inayofuata ilitakiwa Septemba.

Agosti likaja jino.

Gego lilikuwa limetoboka, likamsumbua, nikampeleka kung'oa. Kijana aliyevaa koti jeupe (sitaji ni wapi, sitaki kesi) akauliza anatumia dawa gani. Nilipomwambia, alirudi nyuma hatua moja kama vile mama ana Ebola. "Hiyo sindano inaozesha taya. Acheni mwaka mzima kwanza, ndiyo mje tung'oe." Hakuandika barua. Hakumpigia simu daktari wa mifupa. Hakuuliza hata ya mwisho alichoma lini. Mwaka mzima, kama anaahirisha kuchinja mbuzi!

Nikaripoti kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ndani ya dakika kumi shangazi kashatuma picha ya taya limeoza, sijui kaitoa wapi, mama mwenyewe akaiona akakosa usingizi. Kesho yake ndugu mmoja wa kanisani akaja na kopo la unga wa kalsiamu, "asilia, haina madhara", na bei yake haikuwa ya asilia hata kidogo. Nikawa bado nina wasiwasi, nikamwomba rafiki aniulizie kwa daktari anayemfahamu. Jibu likarudi kwa simu: "Dawa za mifupa huwa zinapumzishwa baada ya miaka mitatu, mitano. Ni kawaida."

Dada, hilo jibu la mwisho ndilo lililotumaliza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Vidonge vya alendroneti na ile dripu ya mara moja kwa mwaka, asidi ya zoledroniki, vinapumzishwa kweli kwa wagonjwa wengi wasio na hatari kubwa. Ile dawa inaganda kwenye mfupa wenyewe, ukiacha kuimeza inaendelea kukulinda muda mrefu. Denosumabu haigandi popote. Ni jamii nyingine kabisa ya dawa. Huyo daktari aliulizwa habari ya "dawa za mifupa", akajibu dawa za mifupa. Mimi ndiye niliyeuliza swali la kijinga, kwa kupitia mtu.

Na niungame kabisa: nilifurahi. Giaboksi ilikuwa inagonga, fundi anadai hela, na hapa wataalamu watatu wananiruhusu nisinunue sindano. Hela ya mama ikaingia kwenye giaboksi. Giaboksi nayo ikafa Februari, kama unataka kucheka.

Januari 2023, miezi kumi tangu sindano ya mwisho, mama anaepua sufuria ya mtori, siyo hata ile kubwa ya sherehe, akasikia "ka!" mgongoni. Tukamkanda kwa maji ya moto, tukapaka dawa ya kuchua, tukasema ni msuli. Wiki mbili baadaye yuko kwenye Hiace anashuka mjini, dereva karuka tuta, mama akapiga kelele mpaka abiria wakashuka. Picha ya eksirei: pingili tatu za uti wa mgongo zimebonyea, kama makopo ya soda yaliyokanyagwa na tairi. Tatu! Huyu mtu alipokuwa hatumii dawa yoyote alivunjika mkono mmoja. Amepungua urefu sentimita tano. Gauni lake la kanisani lilianza kuburuta chini, akamgombeza fundi cherehani wa watu, na sisi tukamwacha amgombeze kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Daktari bingwa aliyempokea alitueleza taratibu, nami nakueleza kwa lugha ya nyumbani. Kwenye mfupa kuna chembe zinazokula mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya. Denosumabu inawafungia walaji zizini. Haiwaui, inawafungia tu, na huko ndani wanazidi kujazana. Miezi sita ikiisha, geti linafunguka lenyewe. Ng'ombe waliofungiwa miaka miwili, wakitoka wote siku moja kwenye shamba la mahindi, unajua kitakachobaki. Mfupa wote uliouongeza kwa miaka hiyo unaweza kuliwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, na pingili zinaweza kuanza kuvunjika hata miezi saba tu baada ya sindano ya mwisho, tena mara nyingi zaidi ya moja. Hii imeandikwa kwenye karatasi inayokaa ndani ya boksi. Ile karatasi yenye maandishi ya kisisimizi. Nilikuwa nayo mara tano mkononi, nilikuwa naitumia kufungia barafu.

Sasa hiyo habari ya taya, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Ipo, siyo uongo. Lakini picha nyingi mnazotumiwa ni za wagonjwa wa saratani iliyoingia kwenye mifupa, ambao huchomwa mg 120 kila wiki nne. Mama yako anachomwa mg 60 kila miezi sita. Kwa dozi ya osteoporosisi, makadirio yanacheza kati ya mtu mmoja kwa elfu kumi na mmoja kwa laki moja kwa mwaka. Upande wa pili, utafiti mkubwa wa hii dawa uliochapishwa 2009 ulifuata wanawake 7,868 kwa miaka mitatu: kwa kila wanawake 1,000 waliochomwa sindano isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia tu, 72 walivunjika pingili, waliochomwa dawa yenyewe, 23. Daktari aliniandikia hizo namba nyuma ya bahasha ya eksirei. Bahasha ninayo mpaka leo, ipo kwenye dashibodi. Sisi tulikimbia mmoja wa elfu kumi tukaenda kujigonga kwenye ukuta.

Jino likihitaji kung'olewa, daktari wa mifupa na wa meno waongee WAO KWA WAO, wachague siku ndani ya ile miezi sita, kidonda kipone, na sindano ichomwe kwa tarehe yake. Kwetu hiyo simu ya dakika tano haikupigwa. Na jino lenyewe unajua lilivyoisha? Liling'oka lenyewe Novemba, mama akitafuna mahindi ya kuchoma.

Kuacha kunawezekana, sijasema ni ndoa. Ila unatoka kwa mlango: siku ambayo sindano inayofuata ingechomwa, anaanzishiwa dawa ya ile jamii inayoganda, vidonge au dripu, ndiyo inawazuia hao ng'ombe getini. Hiyo inapangwa na daktari anayemfuatilia, kwa vipimo, siyo kwenye kikao cha Krismasi mkiwa mmeshakunywa mbege. Mama yangu alirudishwa kwenye sindano, na safari hii mlango wa kutokea umeandikwa kwenye faili lake kabla ya sindano kuchomwa. Tarehe ziko kwenye simu yangu, ya mke wangu, ya mdogo wangu wa Dodoma, na kwenye kalenda ya ukutani ya parokia. Mwezi mmoja kabla, sindano inatafutwa. Mgeni alipe asilipe, gari lizime lisizime.

Kuna hatari nyingine msizichekee. Kabla ya kila sindano apimwe kalsiamu na figo. Mwenye figo zilizochoka sana kalsiamu inaweza kushuka ghafla mpaka ikamlaza. Wamarekani waliweka onyo lao zito kuhusu hilo Januari 2024. Na akianza kulalamika paja au kinena kinauma bila kuanguka, msimkande. Apigwe picha.

Uliuliza pia maziwa, mazoezi, na kama maji ya Arusha yanaharibu kipimo, naona nimekula nafasi yote. Maziwa anywe. Atembee, asibebe ndoo. Maji: kama amewahi kuishi miaka mingi huku upande wa Meru, Maji ya Chai na Ngarenanyuki, mwambieni daktari, kwa sababu fluoridi nyingi inaweza kuufanya mfupa usome mzito kwenye mashine na bado ukawa unavunjika. Ndiyo maana pale Ngurdoto wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa ya ng'ombe inaokoa ya kwetu. Hilo lianzishiwe uzi wake, kuna watu humu wanalijua kuliko mimi.

Mimi ninachotaka kwako ni kitu kimoja. Umeandika sindano nne, umeandika umri, umeandika mpaka rangi ya boksi, hukuandika ya nne alichoma tarehe ngapi. Nenda kaangalie kwenye kadi yake sasa hivi, iandike hapa chini tuhesabu pamoja. Nitakaa macho.