Boila Inanguruma, Inabisha, Inapiga Mluzi: Fundi Anajibu

Baridi ikiingia hapa Uingereza, simu yangu hujaa sauti za boila, ile mashine ya gesi inayopasha maji ya bafuni na ya radieta za kutia nyumba joto. Watu wanarekodi, wananitumia, halafu wanauliza, "Fundi, itatulipukia hii?" Nimezisikiliza zote. Nyingi ni sauti za maji, gesi haimo kabisa. Ila mkinitumia, niambieni inalia lini: mkifungua bomba la maji ya moto, radieta zikiwaka, au ikishazima. Hilo linanisaidia kuliko rekodi ya dakika tano yenye katuni za watoto nyuma yake.

Boila yetu ya kombi, ile isiyo na tangi la maji ya moto, inanguruma kama birika linalokaribia kuchemka. Haina hata miaka sita. Ndiyo imekufa? (Mama wa watatu, Milton Keynes)

Masikio yako ni mazima, dada. Mafundi wa hapa nao huiita sauti ya birika. Chungulia birika lako la jikoni: ndani kuna ukoko mweupe. Hiyo ni chokaa. Maji ya kusini na mashariki mwa Uingereza yanapita kwenye miamba ya chokaa, yanaibeba, na yakipashwa moto yanaitua. Jamaa zako walioko Glasgow hawaujui ukoko huo, maji yao ni laini.

Sasa, ndani ya boila kuna mahali ambapo joto linavuka kwenda kwenye maji. Ukoko ukishika hapo, chuma kinapata moto kupita kiasi. Maji machache yaliyonaswa kwenye ukoko yanachemka papo hapo, yanatoa mapovu ya mvuke, na mapovu yakikutana na maji yaliyopoa zaidi yanapasuka. Ndio huo mngurumo.

Fanya jaribio. Zima radieta zote, fungua maji ya moto bafuni. Ikinguruma hapo tu, ukoko umo kwenye njia ya maji ya kuoga. Fundi atakisafisha au kukibadilisha kipande kimoja, boila ibaki. Ikinguruma radieta zikiwaka tu, namshuku mwingine: tope jeusi. Hiyo ni kutu ya radieta zenyewe, inazunguka na maji mpaka ituame penye njia nyembamba. Tope linafukuzwa kwa mashine ya kusukuma maji, kisha kinafungwa kichujio cha sumaku na kutiwa dawa ya kuzuia kutu. Kuna mafundi watakaokushawishi ununue boila mpya na kuifunga juu ya tope lilelile. Kataa. Ni kama kumvisha mtoto nguo mpya kabla hajaoga.

Ukimsubiri fundi, shusha joto la maji ya kuoga mpaka nyuzi 50 hivi, maana chokaa hushika kwa kasi maji yakipita 60. Hilo ni kwa kombi tu. Mwenye tangi la maji ya moto aliache kwenye 60, ili kuua bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu.

Mama mkwe kaja kutoka Tanga. Anasema usiku kuna kitu kinabisha chini ya sakafu, tik, tik, tik. Kashafukiza ubani mara mbili. (Mkwe mtiifu, Reading)

Mpe shikamoo yangu, na ubani asiuache, unanukia vizuri. Kinachobisha ni bomba la shaba. Bomba la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 50 hurefuka karibu milimita 8 na nusu, na likiwa limebanwa na mbao za sakafu linajivuta kidogo kidogo. Ndiyo maana linabisha radieta zikianza kuwaka na zikishazima, katikati linatulia. Fundi akiinua ubao na kuweka kitu laini panapobana, kwisha. Halina hatari yoyote.

Asubuhi ya barafu boila iligugumia kama mtu anayesukutua, ikazima. Mchana ikakubali kuwaka. (Leeds)

Boila za siku hizi zinavuna joto hata kwenye moshi wake, na moshi ukipoa unatoa maji. Maji hayo yanatoka kwa kibomba cha plastiki, na kwako nadhani kibomba hicho kinapita nje ya ukuta. Kiliganda. Maji yakarudi ndani, yakagugumia, boila ikajizima ili isijidhuru. Ikitokea tena, mwagia kibomba maji ya uvuguvugu, yasiwe yanayochemka kwa sababu plastiki itapasuka, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Usipande ngazi kwenye barafu kwa ajili hiyo. Kikiwa juu, ita mtu. Kiangazi kikija, kibomba kibadilishwe kiwe kinene zaidi na kivalishwe sponji.

Kila ikiwaka inatoa kishindo, bum! Mwenye nyumba anasema ndivyo ilivyo, niizoee. (Mpangaji, London)

Usiizoee. Hii ndiyo sauti moja katika barua za leo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa hii si ya maji. Gesi inatoka, cheche inachelewa, gesi inajikusanya, halafu inashika yote kwa mpigo. Huenda ni kiwashio kichafu, huenda ni presha ya gesi, lakini hayo si ya kubahatisha ukiwa umesimama mbele yake. Izime na isiwashwe mpaka fundi aione. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, funga gesi kwenye mita, usiguse swichi yoyote, toka nje na upige 0800 111 999. Ni bure, usiku na mchana. Na mkianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu mkiwa nyumbani, na nafuu mkitoka, ondokeni: huenda ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Huyo mwenye nyumba, sheria inamtaka akaguliwe vifaa vya gesi kila baada ya miezi 12 na akupe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Tangu Oktoba 1, 2022, hapa England anatakiwa pia aweke king'ora cha kaboni monoksidi kwenye chumba chenye boila. Muombe vyote viwili kwa maandishi. Akikupiga chenga, nenda halmashauri.

Radieta ya chumbani inabwabwaja, juu baridi, chini moto. (Leicester)

Hewa. Zima, zisubiri zipoe, weka kitambaa, zungusha ule ufunguo mdogo wa kutolea hewa nusu mzunguko. Itafoka, maji yakitokeza funga. Watu wengi huishia hapo, kesho boila inagoma, maana hewa imetoka na presha imeshuka. Tazama saa ya presha: ikiwa baridi isome kati ya bar 1 na 1.5, ikipungua ongeza maji. Ukiongeza kila wiki, pana mahali panavuja.

Inapiga mluzi mwembamba, kisha inanyamaza. (Luton)

Aghalabu ni feni inayochoka au pampu iliyowekwa kasi kubwa mno. Si dharura, lakini feni ikifa boila haiwaki, na feni huchagua kufa Januari.

Binamu yangu alikuwa fundi wa majiko ya gesi Mombasa, mkono wake ni mzuri. Aifungue yeye? (Coventry)

Mkono sina shaka nao. Lakini hapa anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe ameandikishwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwaka 2009. Akiifungua na mambo yakiharibika, bima yenu itauliza nani alishika bisibisi. Kutoa hewa kwenye radieta, kuongeza presha, kuyeyusha barafu, hayo afanye. Kasha la boila aliache. Na huyo mtakayemwita, mwambieni atoe kadi yake: mbele kuna picha, nyuma kumeandikwa kazi anazoruhusiwa. Isomeni nyuma, mbele kila mtu anaonekana fundi.