Maumivu yanayoshuka mguuni na sindano ya mgongo: majibu kwa wasomaji

Naanza na swali ambalo halikupaswa kungoja safu hii.

Daktari, mume wangu ana maumivu ya kiuno yanayoshuka miguu yote miwili. Tangu juzi makalio na sehemu za siri zimekufa ganzi na mkojo unatoka kwa shida. Tumtafutie hiyo sindano ya mgongo? (Mama, Igawilo)

Hapana mama. Mpeleke hospitali ya rufaa leo, hata kama ni usiku. Mishipa ya fahamu ya chini kabisa ya mgongo ikibanwa kwa pamoja, kinachotakiwa ni picha ya haraka na mara nyingi upasuaji. Kadiri mnavyochelewa, ndivyo uwezekano wa mkojo na nguvu za miguu kurudi unavyopungua. Nimekujibu kwa simu tayari, ila naliweka hapa kwa ajili ya yeyote mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani.

Shikamoo daktari. Nalima viazi, na siku za mavuno nabeba lumbesa. Maumivu yananianza takoni yanapita nyuma ya paja hadi kidole gumba cha mguu. Nimechomwa sindano za matakoni mpaka nimechoka. Sasa naambiwa nichomwe mgongoni. Si ni zilezile? (Mkulima, Uyole)

Marahaba. Si zilezile hata kidogo. Ya takoni, mara nyingi dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, inaingia kwenye msuli, inachukuliwa na damu na kusambaa mwili mzima. Ya mgongoni ni dawa kidogo, mililita chache tu, inayowekwa palepale mshipa wa fahamu unapotokea kati ya pingili na pingili. Daktari anaiongoza sindano kwa mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, au kwa CT skani. Kabla ya dawa yenyewe anaingiza kidogo dawa nyingine inayoonekana kwenye picha, ajue ncha iko wapi na kwamba haijaingia kwenye mshipa wa damu. Mtu asiye na mashine hiyo asikuchome mshipa huo. Akikuambia ana uzoefu wa kupapasa kwa vidole, mshukuru, uondoke.

Hukuniambia umeumwa muda gani. Kama haijafika wiki sita, na mguu una nguvu zake, subira ina nafasi: wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za kawaida na mazoezi. Lakini kama unapata homa za jioni, jasho la usiku au unakonda, sema mapema upimwe kifua kikuu cha mgongo. Kipo, na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe inayowekwa kwenye sindano hiyo ya mgongoni, inaweza kukichochea. Na hizo za matakoni ziache. Ikichomwa pasipo pake, inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu unaopita humo humo.

Mimi ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Picha ya MRI imeonyesha diski mbili za chini, zile pedi laini kati ya pingili, zimetokeza. Maumivu yangu yanahama, leo kisigino, kesho juu ya unyayo. Daktari anasema atachoma mshipa mmoja kwanza "tuone". Kwa nini asichome yote miwili nikamalizana? (Dereva, Mafinga)

Daktari wako anafanya kazi nzuri, kaka. Watu wengi wasioumwa chochote wakipigwa MRI hukutwa na diski zilizotokeza. Picha inaonyesha umbo la mgongo, haionyeshi maumivu yanatoka wapi. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno kwa kawaida hubana mshipa wa L5, unaokwenda juu ya unyayo na kidole gumba. Ya chini yake hubana S1, unaokwenda kisigino, wayo na kidole cha mwisho. Kwa mkulima wa Uyole, mguu wenyewe umeshaonyesha. Kwako haujaonyesha, ndiyo maana sindano inatumwa kuuliza.

Dawa ya ganzi ikiwekwa kwenye mshipa mmoja, na maumivu uliyoyazoea yakashuka walau nusu ndani ya dakika 30 hivi, mhusika ameonekana. Yasiposhuka, tunauangalia mwingine siku nyingine. Ukichomwa yote siku moja, hata ukipata nafuu hatujui ni upi. Na kama baadaye itabidi upasuliwe, daktari wa upasuaji ataingia kwa kubahatisha.

Jibu hilo unalitoa wewe, kwa hiyo jiandae. Muulize kama unaweza kuacha vidonge vya maumivu asubuhi hiyo, ili uende ukiwa unaumwa. Utalala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Sindano ikifika karibu na mshipa utasikia kitu kinashuka mguuni: usivumilie kimya, sema kama ni maumivu yako yale yale au mageni. Ukiinuka usirudi kujilaza. Inama, kaa kama unavyokaa kwenye usukani, tembea koridoni, na kila saa andika kwenye daftari alama kati ya 0 na 10 mpaka usiku. Nimeona mgonjwa akiulizwa wiki mbili baadaye, "Siku ile ilikuwaje?" akajibu, "Nadhani nilipata nafuu." Hapo kipimo chote kimepotea. Na siku hiyo usiendeshe, mguu unaweza kulegea kwa saa kadhaa.

Nilichomwa Jumatatu. Saa tatu za kwanza nilikuwa mzima, nikalia kwa furaha. Usiku yakarudi yote. Hela yangu imepotea? (Muuza ndizi, Tukuyu)

Haijapotea, dada. Ndani ya sindano kwa kawaida kuna dawa mbili. Ganzi inafanya kazi upesi na kuisha baada ya saa chache. Steroidi inayopunguza uvimbe huanza baada ya siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki mbili, na katikati hapo maumivu yanaweza kuzidi kidogo. Hata steroidi isiposaidia, zile saa tatu zimeonyesha mshipa wenyewe. Mwambie daktari wako hivyo hivyo ulivyoniambia mimi.

Nasikia inapoozesha. (Mama, Iringa)

Hofu yako ina msingi, ila ipime. Uti wa fahamu wenyewe kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano nyingi za maumivu ya mguu huchomwa chini ya hapo. Hata hivyo madhara makubwa yapo, kwa nadra sana: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu kupooza, kiharusi na upofu baada ya sindano za steroidi za mgongo. Hatari ni kubwa zaidi shingoni. Uliza utachomwa pingili gani, kwa steroidi ipi, na kama picha itatumika. Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au unaweza kuwa mjamzito, sema kabla hujapanda mezani.

Nina kisukari. Nichomwe? (Mwalimu, Njombe)

Inawezekana, mwalimu, ila steroidi itapandisha sukari kwa siku kadhaa. Kwanza ishuke, kisha panga na daktari wako, na upime nyumbani kila siku.

Nikipata nafuu, nitachomwa mara ngapi, na lini narudi kubeba? (Mkulima yule yule)

Wengi hawavuki mara tatu au nne kwa mwaka, na isiyosaidia hairudiwi kwa mazoea. Nafuu inaweza kudumu wiki au miezi, na diski bado iko palepale. Muda huo utumie kwa mazoezi ya mgongo na mtaalamu wa fiziotherapia. Lumbesa usiirudie kabisa, gawanya mzigo kwenye magunia madogo, hata mnunuzi akinuna.