"Kongosho halikuonekana" si sawa na "kongosho ni zima"

Mama alipoanza kulalamikia maumivu chini ya chembe ya moyo, yanayopenya hadi mgongoni, tulikimbilia altrasaundi. Asubuhi hiyo alikuwa ameshakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili. Hakuna aliyetuambia asile. Majibu yakatoka: ini zuri, figo nzuri, wengu mzuri, na chini kabisa mstari mmoja kwamba kongosho, kiungo kinachosaidia kumeng'enya chakula, halikuonekana kwa sababu ya gesi. Tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Mimi ndiye niliyemwambia Mama hana tatizo, na bado linaniuma.

Wiki tatu baadaye alikuwa anatapika usiku kucha. Daktari wa zamu alisoma karatasi ile ile, akaweka kidole kwenye mstari ule. "Hapa hawakuona kitu," akasema.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, na mawimbi ya altrasaundi hayapenyi hewa. Kwa hiyo kama hujaambiwa vinginevyo, usile kwa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo, acha soda, sigara na bigijii, na omba upimwe asubuhi na mapema. Mwenye kisukari asifunge kabla ya kumuuliza daktari kuhusu dawa zake. Na ukiwa na maumivu makali, homa au macho ya njano, usisubiri kufunga. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mama alilazwa, akazuiwa kula, akapimwa upya. Safari hii mpimaji hakuwa na haraka. Alimpaka jeli, akamwambia avute pumzi aishikilie, akamlaza ubavu, akamketisha. Wagonjwa wengine hunyweshwa maji pale pale ili tumbo lililojaa maji liwe dirisha la kuonea kongosho, lakini Mama alikuwa anatapika, hakupewa. Usiyanywe kwa kubuni.

Kwenye kioo nilionyeshwa mshipa wa wengu, mstari mweusi, na mbele yake kongosho limevimba. Kwenye mfuko wa nyongo kulikuwa na vijiwe, kila kimoja na kivuli chake. Kumbe kijiwe kikishuka huweza kuziba njia ya kongosho.

Kabla hatujatoka nikauliza: "Limeonekana lote?" Mpimaji akajibu kwamba mkia wa kongosho, yaani ncha yake nyembamba, umefichwa na utumbo. Jioni hiyo hiyo Mama akaandikiwa kipimo kingine cha picha, siti skani (CT scan).