Kwa nini ninapita maduka mawili ya begeli na kuingia la tatu

Kwa Mhariri,

Juma hili mmewauliza wasomaji ni kitu gani kinachowarudisha, au kilichowafukuza, katika duka dogo la chakula la mtaani kwao, na kama wangekubali kulipa zaidi ili duka hilo lisife. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Queens, jijini New York, ambako kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Duka ninaloweza kulizungumzia kwa uhakika ni la begeli, kwa kuwa hulipitia alfajiri nikielekea kazini, na ndiko ninakotumwa na bibi mzee ninayemhudumia. Jibu langu ni kwamba duka zuri nimelitambua kwa namna linavyompokea mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza, asiyejulikana na yeyote na asiyejua kuagiza. Kipimo hicho nakiweka juu ya ladha, juu ya bei, na hata juu ya ile furaha ya kuitwa kwa jina, ambayo nina hakika wasomaji wengi wataitaja.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, begeli ni mkate wa mviringo wenye tundu katikati, uliotokana na Wayahudi wa Poland. Kanuni za jumuiya ya Kiyahudi ya mji wa Kraków za mwaka 1610 tayari zinautaja. Unga wa ngano hukandwa mgumu kwa maji, chumvi, hamira na kimea cha shayiri, ukafinyangwa, ukaachwa uumuke polepole kwenye baridi, mara nyingi usiku kucha, na kabla ya kuingia tanurini hutoswa kwa muda mfupi katika maji yanayochemka. Maji hayo ndiyo yanayoipa begeli ngozi yenye kung'aa na ndani yenye kushindana na meno, na wenyeji wengi wa New York hawaikubali iliyokosa hatua hiyo, hata tundu likiwa mahali pake.

Historia ya kazi hii ina uzito katika jibu langu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 uokaji wa begeli jijini ulikuwa mikononi mwa chama cha wafanyakazi kilichoitwa Local 338, chenye wanachama wapatao 300, ambamo nafasi ziliwaendea zaidi watoto wa kiume na jamaa za waliokuwamo. Mtu wa nje hakuupata ufundi ule kwa urahisi. Kisha ikaja mashine iliyobuniwa na Daniel Thompson, ambayo kiwanda cha familia ya Lender huko Connecticut kilianza kuikodi mwaka 1963, na begeli zilizogandishwa zikasambaa Marekani nzima. Ndani ya takriban muongo mmoja nguvu ya chama ikawa imekwisha. Walioendelea kufinyanga kwa mkono katika maduka madogo, kwa sehemu kubwa, ni wahamiaji wapya ambao chama kile kisingewafungulia mlango. Absolute Bagels, duka la Broadway huko Manhattan ambalo watu walilipangia foleni hadi barabarani mpaka lilipofungwa Desemba 2024, lilianzishwa na mwokaji aliyezaliwa Thailand. Kwa sababu hiyo, ninapomwona muuzaji akimdharau mteja mgeni kwa kuwa hajui taratibu za begeli, naona amesahau kwamba kazi anayoifanya iliokolewa na wageni.

Taratibu zenyewe si chache. Saa moja asubuhi foleni imefika mlangoni, na mteja anapofika kaunta anatarajiwa kutaja yote kwa pumzi moja: aina ya begeli, iwe tupu, ya ufuta, ya mbegu za popi, ya vitunguu au ile yenye mchanganyiko wa vyote, ikatwe au isikatwe, itiwe kwenye tosta au iachwe, ipakwe jibini laini, siagi au iwekwe samaki wa samoni aliyekolezwa chumvi, na jibini liwe jingi au kidogo. Mwenyeji hulitaja hilo lote bila kufikiri. Mgeni husoma ubao ulioandikwa kwa herufi ndogo juu ya kichwa cha muuzaji, akasita, na kusita kwake ndiko kunakoonyesha duka limejengwa kwa ajili ya nani.

Katika duka la kwanza nililokuwa nikinunua, ambalo sitalitaja jina, nilimpeleka mama mmoja wa Kikongo ninayesali naye msikiti mmoja, ambaye Kifaransa na Kiswahili chake ni safi lakini Kiingereza bado anajifunza. Nilimwacha aagize mwenyewe kwa kuwa alitaka kujizoeza. Alipotaja begeli ya ufuta na kunyamaza akitafuta neno la pili, muuzaji alirudia swali lake kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio, kisha akamruka na kumhudumia bwana aliyekuwa nyuma yetu, ambaye hakuwa hata amefungua kinywa kwa sababu agizo lake lilijulikana. Hakuna tusi lililotamkwa. Mama yule alinunua begeli moja tupu, isiyokatwa, isiyopakwa kitu, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa rahisi kumaliza, na sote wawili hatujarudi pale.

Naomba nieleweke kuhusu bwana yule wa nyuma. Sina neno na duka linalomkumbuka mteja wake wa kila siku. Mzee ninayemtunza hupata faraja ya kweli anaposikia kwamba wamemuulizia hali, na mtu anayeishi peke yake katika jiji kubwa anaweza asisikie salamu nyingine siku nzima. Lakini kumbukumbu hiyo ikianza kumpa mmoja zamu ya mwingine, imegeuka kuwa upendeleo unaolipiwa na aliyesimama mbele yake. Muuza mahamri wa kwetu Mombasa alimjua kila mtoto aliyetumwa na mama yake na bakuli la mbaazi, na bado mpita njia aliyetangulia ndiye aliyepewa kwanza.

Duka ninalokwenda sasa ni la tatu kwa umbali kutoka nyumbani, na la kwanza nililolipenda ndani yake ni namna wanavyouliza. Binti wa kaunta huuliza jambo moja kwa wakati, husubiri jibu, na akiona mtu amekwama huinua begeli kwa koleo na kumwonyesha, hii au hii. Huku akisubiri, mwenzake huita anayefuata kwenye upande wa pili wa kaunta, kwa hiyo foleni haisimami na wa nyuma hawapati sababu ya kumkunjia mgeni uso. Ubao wao una picha na bei kamili. Haya yote hayakuwagharimu zaidi ya kufikiri kidogo.

Suala la tosta linastahili maneno yake. Wapo wapenzi wa begeli jijini hapa wanaoamini kwamba kuibanika begeli mpya ni kuiharibu, na yamekuwapo maduka yaliyokataa kabisa kufanya hivyo. Kwa ladha nakubaliana nao: begeli iliyotoka tanurini haihitaji tosta, na ya jana ndiyo inayofufuka kwa moto. Nisichokubali ni mteja kukaripiwa mbele za watu kwa kuiomba. Kwenye duka langu husema tu kwamba hizi bado zina joto, onja kipande, ukitaka bado nitakubanikia. Vilevile, ukiulizia ya ufuta nao wamebaki na za asubuhi wakati jua limeshapinda, husema ni za asubuhi. Duka linaloniambia ukweli huo linaweza kuniuzia hata ya jana, mradi nijue ninachonunua.

Kuna jambo la kodi ambalo limezua ugomvi mwingi usio wa lazima. Kwa kanuni za jimbo la New York, begeli nzima unayoondoka nayo haitozwi kodi ya mauzo, lakini ikikatwa, ikibanikwa, ikipakwa kitu au ikiliwa mle dukani huhesabika kuwa chakula kilichoandaliwa, na katika jiji hili kodi hiyo ni asilimia 8.875. Mteja mgeni anayelipa bei moja Jumatatu na nyingine Jumanne, kwa begeli ileile, kwa sababu tu Jumanne aliomba ikatwe, ana kila haki ya kudhani ameibiwa. Nimeshuhudia muuzaji akijibu swali hilo kwa kunyanyua mabega. Kwenye duka langu kuna karatasi iliyobandikwa karibu na mashine ya malipo, inaeleza jambo hilo kwa mistari miwili, kwa Kiingereza na Kihispania, na wenye kipato kidogo hununua nzima wakaenda kukata nyumbani bila kuona haya.

Kwa Mwislamu kama mimi, na kwa Myahudi anayeshika sheria za chakula, kisu nacho ni sehemu ya huduma. Unga wa begeli wenyewe kwa desturi hauna kitu cha kututia shaka, lakini maduka mengi huuza pia mayai kwa nyama ya nguruwe juu ya kaunta hiyohiyo. Ninapoomba kisu kingine na glavu mpya sifanyi madaha, naomba kitu ambacho bila hicho siwezi kula. Katika duka moja niliambiwa kwamba ni mkate tu. Hapa ninakonunua sasa wana kisu na ubao uliotengwa, na walivitenga kwa sababu ya watu wenye mzio wa ufuta kabla hata sisi hatujasema lolote. Tangu 1 Januari 2023 sheria ya Marekani inauhesabu ufuta kuwa kisababishi kikuu cha tisa cha mzio, na katika duka ambalo mbegu za ufuta zimetapakaa kila mahali hilo si jambo dogo. Waliposikia ombi langu walielewa mara moja, kwa kuwa walikwisha kuzoea kwamba chakula cha mtu kinaweza kuwa na mipaka asiyolazimika kuieleza kwa kirefu.

Juu ya malipo nitasema machache. Sheria ya jiji, tangu Novemba 2020, inazuia maduka kukataa fedha taslimu, na mzee wangu, ambaye hana kadi mkononi na hataki kuwa nayo, huhesabu sarafu zake mwenyewe siku anapopata nguvu ya kutoka nami. Ninashukuru kwamba hakuna anayepumua kwa nguvu anapohesabu. Kile kioo cha mashine ya malipo kinachogeuzwa kuelekea kwa mteja kikimtaka achague bahashishi kabla hajapewa hata mfuko wake, nakiona ni kero, hasa muuzaji akikaza macho. Mimi hutoa, kwa sababu najua kodi ya nyumba katika jiji hili na najua mtu aliyesimama pale ameamka saa ngapi, lakini hutoa kwenye chupa iliyo mezani, kwa hiari yangu.

Sasa sehemu ya pili ya swali lenu, kama ningelipa zaidi. Ndiyo, na tayari ninalipa. Maduka mawili ninayoyapita huuza begeli kwa bei ya chini kidogo, na la karibu zaidi lingeniokolea dakika kumi za kutembea katika baridi ya Januari, ambayo kwa mtu wa pwani si baridi ya kuzoeleka. Hata hivyo nina sharti. Bei ikipanda, nitangaziwe kabla, na mkate usipunguzwe ukubwa kimyakimya huku bei ikibaki palepale, kwa maana hilo la pili huniondolea imani kuliko la kwanza. Duka langu lilipopandisha bei liliweka tangazo mlangoni juma zima kabla, likitaja kwamba kodi ya pango imeongezwa, na mwenye duka alikuwapo mwenyewe asubuhi hiyo kujibu maswali. Baadhi ya wateja walilalamika mbele yake, naye akawasikiliza. Nililipa bei mpya, nikachukua mbili za ufuta na moja ya vitunguu kwa ajili ya mzee, na mama yule wa Kikongo, ambaye siku hizi huagiza bila msaada wangu, alichukua sita.