Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2004, la petroli, gia otomatiki. Nalitumia kupeleka maparachichi kutoka Tukuyu hadi Mwanjelwa. Asubuhi linawaka vizuri, linapanda kutoka Kiwira mpaka Isyonje bila shida. Nikishuka nikafika foleni ya Uyole, linazima ghafla. Napiga stata, inazunguka lakini injini haishiki. Nikikaa kama nusu saa linawaka na kuondoka vizuri. Taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Nimeshabadilisha plagi, nikabadilisha na pampu ya mafuta. Sasa fundi anasema ninunue kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Shemeji yangu anasema ni hewa ya huku juu, gari halipumui. Nishike lipi? Ndaga fijo.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kontroli boksi usinunue. Ni kifaa cha bei, hakiharibiki mara kwa mara, na katika maelezo yako sioni mtu aliyekipima akakuonyesha kwamba kimekufa. Inaniuma sana mtu anapouziwa spea moja baada ya nyingine wakati hakuna aliyeshika mita.

La shemeji tulimalize haraka. Ni kweli mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Gari linapungua nguvu, hilo utalisikia mlimani. Lakini gari lako ni la nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta, na kompyuta yake hupunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia. Tena wewe unazimikiwa ukiwa umeshateremka, Isyonje umeshaiacha nyuma. Hewa haina kesi hapa.

Sasa nataka uniangalizie jambo moja: linazima vipi? Kama linaanza kukohoa, linakosa nguvu, unakanyaga mafuta halijibu, ndipo linakufa, hiyo ni njaa ya mafuta: filta imeziba, petroli ya kwenye madumu imeingia maji, au mfuniko wa tanki hauingizi hewa. Huo mfuniko ufungue palepale linapozima. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani na baada ya hapo gari linawaka, umeshampata mwizi. Kama linazima kila unapoachia mafuta kusimama, hata likiwa bado baridi, mwambie fundi afungue throto, mlango wa hewa ya injini, aisafishe kaboni. Lakini kama linakatika mara moja kama taa iliyozimwa swichi, bila mtikisiko, huo ni umeme, na kwa jinsi ulivyoandika mimi naelekea huko.

Kipo kifaa kidogo kinaitwa sensa ya krenki, yaani ya shafti kuu inayozunguka ndani ya injini. Mara nyingi kinakaa chini mbele ya injini, karibu na puli ya krenki. Ndani yake mara nyingi mna sumaku na waya mwembamba sana uliozungushwa, nacho kinasoma meno ya gurudumu linalozunguka na krenki. Kwenye Toyota nyingi gurudumu hilo lina nafasi za meno 36, mawili yameachwa wazi makusudi ili kompyuta ijue injini imefika wapi. Kompyuta isiposoma meno hayo haitoi moto kwenye plagi wala mafuta kwenye nozeli. Waya ule ukipata ufa, injini ikiwa baridi unagusana na kazi inaendelea. Ukipata moto unatanuka, unaachana, gari linakufa. Na foleni ya Uyole ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu injini imeshapata moto wa safari na sasa umesimama, upepo wa mwendo haupo, joto linabaki palepale kwenye injini.

Jaribio lake halina gharama. Siku likizima, piga stata huku macho yako kwenye mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini. Kwenye magari mengi, sensa ikiwa nzima mshale unanyanyuka kidogo wakati stata inazunguka. Ukilala kabisa kwenye sifuri, shaka yangu inakuwa kubwa. Wakati huohuo mtu akae siti ya nyuma asikilize pampu kama inaunguruma. Ikiunguruma na bado injini haishiki, pampu inafanya kazi, anza kutafuta kwenye umeme.

Kisha fundi apime ukinzani wa sensa kwa mita: mara moja asubuhi injini ikiwa baridi, mara ya pili palepale lilipozima, kabla halijapoa. Namba ya pili ikiruka hadi mita ionyeshe waya umekatika, jibu umelipata. Achomoe pia soketi yake aangalie kama oili ya sili ya krenki imeingia. Na hata kama taa haiwaki, mwambie achomeke mashine asome kumbukumbu ya kompyuta. Kodi ya sensa hiyo, yaani namba ya kosa, ni P0335, na inaweza kuwemo humo bila taa kuwaka. Ukifika kununua, nunua mpya. Ya mtumba imeshachemka miaka mingi kwenye injini ya mtu mwingine.

Sensa ikipimwa moto na ikaonekana nzima, wahamie kwenye koili inayotoa moto wa plagi na rilei ya injini, ile swichi ya umeme, nazo zipimwe zikiwa moto vilevile.

Mwanangu, kabla ya hayo yote, sikiliza hili. Injini ikizima kwenye mteremko wa kushuka Igawilo, usukani unakuwa mzito na breki inabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu. Usiipampu. Ikanyage mara moja, uishikilie, utoke pembeni. Ukiwa bado unatembea, weka gia N, ndipo unaweza kupiga stata. Funguo usiirudishe hadi mwisho, usukani unaweza kujifunga. Likishasimama, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, maana malori ya pale hayasimami kwa ghafla.

Mpaka sensa ipimwe, mzigo wa maparachichi upakie gari la mtu mwingine. Ukishapata zile namba mbili za mita, ya baridi na ya moto, niandikie pamoja na namba ya injini, nikuambie kama ziko sawa.