Kokoto chini ya chungu haziokoi mizizi

SWALI

Bwana shamba, salaam. Nimetengeneza vyungu sita vya uani kwa mikono yangu: nilichovya taulo kuukuu kwenye uji wa saruji, nikazifunika juu ya ndoo zilizopinduliwa, zikakauka na mikunjo mizuri kama ya kitambaa. Kila chungu nilikitoboa tundu moja, nikatandaza kokoto kimo cha vidole vinne ili maji yasituame, nikajaza udongo wa bustanini. Vitatu nimepanda pilipili hoho, vingine bado havina kitu. Wiki ya tano sasa, majani ya chini yamekuwa ya njano na mimea inanyauka mchana, ingawa namwagilia asubuhi na jioni. Jirani anasema kokoto ni chache, niongeze. Mwingine ananiambia nimwage maji ya sabuni ya vyombo na kijiko cha urea. Nifuate lipi?

JIBU

Usifuate hata moja. Kokoto zitoe zote, urea irudi kabatini, na jirani mpe salamu zangu.

Huko kunyauka kumekupotosha kama kunavyowapotosha wengi. Mmea hunyauka maji yasipofika majanini, na yanaweza kukosa kufika kwa sababu mbili zilizo kinyume: udongo umekauka, au mizizi imekufa huku udongo ukiwa chepechepe. Mizizi inapumua, ndugu yangu. Oksijeni yake imo katika nafasi ndogondogo za udongo, na nafasi hizo zikishajaa maji oksijeni hupenya kwa taabu kubwa, maana ndani ya maji mwendo wake ni wa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Ncha za mizizi zikishaanza kufa, wanaingia vimelea wa kuozesha, Pythium na Phytophthora, ambao starehe yao ni udongo uliolowa. Wewe unaona mmea umelegea, unachukua kopo la maji. Jioni tena. Yule anazama na wewe unamwongezea kina.

Sasa kokoto. Hizi ndizo zinazonikosesha usingizi. Ushauri wa kuziweka umerithishwa kizazi kwa kizazi na siku hizi unapambwa na video za dakika moja, mtu anamimina vijiwe vyeupe kwenye chungu huku muziki unapiga. Nakiri mwaka wangu wa kwanza kazini nami nilisimamia kokoto zikitandazwa chini ya vyungu vya miche, tena nikawafokea vijana walioweka chache. Miche ilioza, tukalaumu mbegu.

Nenda jikoni sasa hivi, chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Izamishe mpaka ishibe, kisha ibebe ikiwa imelala bapa juu ya vidole ulivyovitanua. Itadondosha matone mengi, halafu machache, halafu kimya. Usiikamue. Isimamishe tu kwa wima, upande mrefu uelekee juu. Inaanza kudondosha upya, na si matone haba. Hukuongeza kitu wala hukupunguza, umebadilisha kimo tu. Ndani ya sponji, kama ilivyo ndani ya udongo, vitundu vidogo vinang'ang'ania maji, na uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoyasukuma ya chini yatoke. Uzito ukishindwa na ule mng'ang'anio, matone yanakoma, na chini unabaki ukanda uliojaa maji tele, hauna nafasi ya hewa. Kimo cha ukanda huo kinategemea udongo wako. Udongo laini una ukanda mrefu, udongo wa chengachenga una ukanda mfupi. Chungu kiwe kirefu au kifupi, cha saruji au cha plastiki, ukanda ni uleule.

Kwa hiyo kokoto zinafanya nini? Watu wanadhani maji yakifika kwenye kokoto yanaporomoka kwa sababu kuna uwazi mkubwa. Hayaporomoki. Maji yaliyoshikwa na vitundu vidogo hayarukii kwenye uwazi mkubwa mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Tabaka la kokoto linakuwa kama sakafu ya pili: ukanda wa maji unakaa juu yake badala ya kukaa kwenye kitako cha chungu. Walter Gardner, mtaalamu wa udongo wa Washington State University huko Marekani, alilionyesha jambo hili kwenye filamu ya mafunzo mwaka 1959, matabaka ya udongo yakionekana kwa pembeni na maji yakisimama mpakani kama yamekuta ukuta. Ni zaidi ya miaka 60 iliyopita, na bado tuko kwenye vijiwe vyeupe.

Piga hesabu ya chungu chako. Tuseme kina kimo cha sentimita 30 na udongo wako una ukanda wa sentimita 6. Bila kokoto, ukanda unakaa kwenye sentimita 6 za chini, na mizizi ina sentimita 24 za kupumua. Ukiweka kokoto za sentimita 8, udongo unabaki sentimita 22, ukanda unapanda na kukaa juu ya kokoto, na mizizi inabakiwa na 16. Ukimsikiliza jirani ukaongeza nyingine 8, zinabaki 8. Umefanya kazi ya kubeba mawe ili chungu kirefu kigeuke sahani.

Najua utaniambia kuna mtu mwenye kokoto kwenye vyungu vyake na maua yake yanang'aa. Wapo. Chungu chake ni kirefu, udongo wake una chengachenga, na aghalabu amepanda kitu kisichodai mengi. Mmea umestawi licha ya kokoto, kisha sifa zikaenda kwa kokoto. Kokoto zina kazi yake, ila iko nje: vijiwe vitatu chini ya kitako vikiinue chungu kutoka sakafuni, maana tundu lililobanwa na sakafu bapa ni sawa na tundu lililozibwa.

Kuna jambo jingine kwenye vyungu vyako ambalo hukuliuliza. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa, ulio kinyume cha uchachu, na chungu kipya huendelea kutoa chokaa hiyo kwenye udongo kila unapomwagilia. Udongo ukizidi chokaa, chuma kilichomo hakiyeyuki na mmea haukipati. Dalili yake lakini ni tofauti na unayoieleza. Njano ya chokaa huanzia majani machanga ya juu, na mishipa ya jani hubaki ya kijani kama ramani ya mito. Njano yako imeanzia chini na imelienea jani zima, kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza ni maji. Hata hivyo vile vitatu ambavyo hujavipanda vizibe tundu, vijaze maji, vikae wiki mbili tatu ukiyamwaga na kubadilisha kila baada ya siku chache. Na ukitengeneza vingine vaa glavu za mpira. Uji wa saruji huunguza ngozi polepole, unakuja kushtuka jioni.

Tundu moja kwenye chungu cha ukubwa wa ndoo halitoshi. Toboa manne au matano yenye upana wa kidole cha mwisho, na mengine yawe ubavuni karibu kabisa na kitako. Kwa saruji tumia drili yenye ncha ya mawe, taratibu, ukiwa umekipumzisha chungu juu ya gunia lililokunjwa kisipasuke. Wanaotumia makopo ya bati wana kosa lao dogo ambalo nimeliona mara nyingi: wanalipindua kopo na kupigilia msumari kwa nje. Bati linapinda kuelekea ndani, linatengeneza ukingo kuzunguka tundu, na maji yaliyo chini ya ukingo huo hayatoki kamwe. Pigilia kutoka ndani kwenda nje, kopo likiwa limeegemea kipande cha mbao. Juu ya matundu weka kipande cha wavu wa dirisha udongo usimwagike. Wavu tu, wala si vigae.

Udongo wa bustanini peke yake ndani ya chungu ni nusu ya msiba wako. Shambani una minyoo, una mashimo ya mizizi ya zamani, una kina cha mita nzima kinachovuta maji kwenda chini. Ukiufungia ndani ya chungu na kuumwagilia mara mbili kwa siku, unashindiliwa mpaka unakuwa tofali. Changanya sehemu moja ya udongo huo, moja ya mboji iliyoiva, na moja ya kitu cha chengachenga: mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, pumba ngumu za mpunga au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Mchanga laini wa kupigia plasta usiutie. Unaingia kwenye nafasi zilizopo na kuziba, ukawa umetengeneza zege la kupandia.

Kama bado unataka kufanya kitu kwa mkono chini ya chungu, fanya utambi. Chukua kamba nene ya nailoni inayonyonya, ifumue kidogo, ipitishe tunduni ili ndani ilale sentimita kumi hivi na nje ining'inie nyingine kumi hewani. Kamba iliyolowa inaurefusha udongo kwenda chini, kama ulivyoisimamisha ile sponji, na sehemu ya maji ya ukanda inafuata kamba na kudondoka. Ni mbinu ya senti chache inayofanya kile ambacho kokoto zinasingiziwa kufanya. Chungu lazima kiwe kimeinuliwa, kamba isiguse sakafu wala maji ya kisahani.

Leo jioni jua likipoa, laza kila chungu kwa ubavu utoe mmea na bonge lake. Tazama mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya maziwa, ni migumu ukiibinya. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, na ukiivuta kwa kucha ngozi ya nje inachomoka kama soksi na kukuachia uzi mwembamba. Harufu utaijua mwenyewe. Kata iliyooza kwa mkasi safi, ondoa maua na hoho changa zote hata kama moyo unauma, panda upya kwenye mchanganyiko niliokueleza, kisha weka kivulini siku nne tano. Ukikuta zaidi ya nusu ya mizizi imeoza, tupa, uanze na mche mwingine. Kuanzia hapo maji yafuate kidole: chomeka mpaka kiungo cha pili, ukisikia unyevunyevu ondoka. Ukishazoea utakinyanyua chungu kidogo upande mmoja na uzito utakuambia.

Turudi kwa yule wa sabuni na urea, kwa sababu wa aina yake wako kila mahali. Sabuni ya vyombo ya maji imetengenezwa kung'oa mafuta, na jani limevaa nta inayolikinga lisikauke. Unailipua nta hiyo kwenye mmea ambao tayari hauwezi kuvuta maji. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kijiko kizima kwenye chungu kidogo ni kama chumvi kali juu ya mizizi yenye vidonda, na chumvi huvuta maji kutoka kwenye mizizi. Kesho kutwa atakuja mwingine na chumvi ya Epsom. Hiyo ni salfeti ya magnesiamu na inafaa udongo uliokosa magnesiamu, basi. Mwingine ataleta maganda ya mayai kwa nyanya zinazooza kitako, wakati ganda huchukua muda mrefu sana kuyeyuka na kuoza huko, mara nyingi, kunatokana na umwagiliaji wa leo mafuriko kesho ukame, kalsiamu ikashindwa kusafiri hata kama udongo unayo. Angalia: wote hao wanakuambia umimine. Hakuna anayekuambia utoe mmea uone kilichoko chini, kwa sababu hilo halina rangi kwenye video.

Nao wale wale ndio wanaokufundisha kupanda mboga kwenye matairi makuukuu bila kukutajia kwamba mpira wake una zinki na kemikali nyingine zisizo rafiki wa chakula. Tairi lipandie maua. Mbao za paleti pia, zile chaga za kupangia mizigo, kabla hujazigeuza kitalu soma muhuri wake: HT maana yake mbao zilipashwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka kiini, hizo tumia. MB ni methili bromidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu. Hizo, na zisizo na muhuri wowote, usizikaribishe kwenye mboga.

Ukiniandikia tena, nitumie picha ya mizizi. Za majani ninazo za kutosha.