Usimwandikie muuzaji "please stock up", mchele hautopakiwa

Futa hiyo meseji kabla hujaituma!

Umeuliza "stock up" maana yake nini, kisha ukabandika unayotaka kumpelekea muuzaji wa Dubai: "Please stock up on 20 bags of rice." Wewe unadhani umeagiza mapolo 20. Ndugu yangu, hujaagiza hata punje. Umemwambia yeye ajaze stoo yake. Atauweka mchele ghalani kwake asubiri oda, na wewe upo Darajani unahesabu siku za Shaabani.

Mimi neno hili limenikosesha mzigo wa Ramadhani nzima. Aliyenipoteza ni mwalimu wa tuisheni, alituandikia ubaoni "stock up = agiza kwa wingi", akapiga mstari, akaendelea na neno jengine. Si kuagiza! Ni mtu kujaza akiba yake mwenyewe: ananunua kingi leo kabla bidhaa haijaadimika au kupanda bei. Kumfundisha mtu kitenzi bila kumwambia mtendaji ni nani ni kumtia hasara. Wanafunzi wengine tuna maduka, na mzigo tunauchukua kwa deni.

Basi kila ukitaka kuliandika, jiulize kwanza: inayojaa ni stoo ya nani? Mwenye stoo ndiye anayekaa mbele ya kitenzi. Stoo ni yako, andika "We are stocking up on rice for Ramadan." Hapo umetoa habari tu, bado hujaagiza. Oda inafuata kwa kitenzi chengine: "Please send us 20 bags, 25 kg each." Idadi iweke huku kwenye "send". "Stock up" inapenda jina la bidhaa tu, mchele, tende, sukari, ngano. Ukiibandika hesabu kamili, sentensi inakaa vibaya.

Na hiyo "on" usiidharau. Kinachofuata "on" ndicho kinachonunuliwa. "Stock up the fridge", bila "on", ni kulijaza friji vitu. "Stock up on fridges" ni kununua mafriji mengi. Wenye hoteli za Paje na Nungwi, skizeni hapa: herufi mbili tu, na unaletewa bei ya majokofu wakati wageni wanangoja soda.

Ikiwa bidhaa imeshatajwa, huna haja ya kuirudia. "Prices are still low, let's stock up now" imetimia. Lakini angalia, ni "let's", sisi, stoo yetu.

Yako iandike hivi: "We are stocking up on rice for Ramadan. Please send us 20 bags, 25 kg each, to Malindi port, Zanzibar." Tarehe ya mwisho ya kufika mzigo itie mwenyewe, kisha ibandike tena hapa niitazame kabla hujaituma.